Wakuu, nataka kuacha kujitolea zimamoto. Barua niiandikeje?

Tochi_ya_Kofia:
Habari za muda huu wakuu. Naombeni ushauri, na tafadhali leo tusitaniane, wiki ya pili hii silali vizuri.

Mimi ni zimamoto wa kujitolea kwenye idara ya zimamoto na uokoaji ya kaunti, mwaka wa tisa sasa. Kituo chetu ni kidogo, kiko mbali na mji. Tuna gari moja la pampu na gari moja la tanki. Mchana wapo wawili wa kulipwa, usiku ni sisi tunaoitwa kwa simu kutoka majumbani. Kwenye orodha tuko kumi na wanne. Ikilia saa nane usiku wanaofika kweli ni watano, wakijitahidi sita.

Nimechoka. Magari yamezeeka, mafunzo ni Jumamosi tu, ukaguzi unafanywa na watu wenye usingizi. Nimeamua kuondoka na barua nimeshaianza. Niiandikeje isionekane kama nimekimbia? Nitoe notisi ya mwezi mzima au niondoke tu?

Mama_wa_Zamu:
Pole sana kaka yangu. Mume wangu alijitolea miaka kumi na mmoja, nayajua hayo maisha. Buti zake zilikaa mlangoni zimeelekea nje, suruali ya moto imekunjwa juu yake, akiamka anatumbukiza miguu na kuvuta. Watoto walikuwa wanaziruka kwenda chooni. Siku alipoacha, zile buti zilibaki pale mwezi mzima kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuziondoa. Kama mwili umesema basi, msikilize. Andika barua fupi, shukuru, ondoka.

Ngazi_Ndefu:
Gari kuzeeka si hoja mkuu. Gari la miaka ishirini lililotunzwa linalishinda la miaka mitano lililotelekezwa. Mimi hofu yangu ni gari la tanki. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 10,000 ni tani kumi za mzigo unaotembea mgongoni mwako. Tanki likijaa pomoni limetulia, likiwa tupu limetulia. Nusu tanki ndiyo kifo. Niliwahi kukata kona na nusu tanki: gari limeshamaliza kona, maji ndiyo kwanza yanafika upande wa pili. Magurudumu ya kushoto yalinyanyuka, nikayasikia yakitua. Ndani ya tanki kuna kuta zenye matundu za kuvunja mawimbi, na za kwetu zilikuwa zimeng'oka bila mtu kujua. Tangu siku hiyo ama najaza, ama namwaga.

Mzee_wa_Kipenga:
Tochi, hakuna aliyekuambia umekimbia. Neno hilo umelileta mwenyewe. Wiki mbili zilizopita kulitokea nini?

Tochi_ya_Kofia:
Sawa mzee. Kulikuwa na moto. Nyumba ya mbao, usiku, watu wote walishatoka nje, na hakuna aliyeumia. Hilo naomba lieleweke kwanza.

Gari letu la pampu linabeba lita 2,000. Mpira mmoja wa kushambulia unakula lita 400 kwa dakika, kwa hiyo una dakika tano, basi. Gari la tanki lilikuwa gereji. La kituo jirani lilikuwa bado nusu saa. Lakini bwawa lilikuwa palepale, hatua kama arobaini, tukashusha mipira ya kufyonzea. Pampu ikagoma. Inaunguruma, inavuta, maji hayapandi. Tulisimama na mipira mikavu mikononi, tunatazama paa likiingia ndani.

Shida ni kwamba Jumamosi iliyotangulia zamu ya ukaguzi ilikuwa yangu. Kwenye fomu kuna mstari wa jaribio la kufyonza. Nilitia alama na saini. Sikulifanya. Lakini kila mtu hufanya hivyo, ile mipira ni kazi ya watu watatu na mimi nilikuwa peke yangu.

King'ora:
"Kila mtu hufanya hivyo." Kaka, mwenye ile nyumba hakumkabidhi kila mtu maisha yake, aliwakabidhi ninyi. Hatulipwi, sawa, lakini moto hauulizi nani analipwa. Mimi nafundisha wageni kituoni kwetu, na siku ya kwanza kabisa nawaambia: fomu ya ukaguzi inasomwa na mtu ambaye usiku ule hatakuwa na muda wa kukuuliza kama ni kweli.

Ngazi_Ndefu:
King'ora punguza kidogo, mwenzio halali.

Mzee_wa_Kipenga:
Nani alikuwa kwenye pampu usiku ule?

Tochi_ya_Kofia:
Dogo mmoja, mwaka wake wa kwanza.

Wamemsimamisha kupisha uchunguzi. Wanasema alikosea vali. Ila jamani, ana miaka ishirini na mmoja, atarudi tu. Mimi nikiondoka kimyakimya jambo litapoa, na watu hawatoshi, lazima watamwita. Nimelipima pande zote, naona ndiyo njia yenye maumivu machache kwa kila mtu.

Mama_wa_Zamu:
Nafuta ushauri wangu wa mwanzo.

Mdadisi:
Wakuu, hii ni chai. Nimeendesha pampu miaka sita. Kama mipira ilikuwa inaingiza hewa, wachunguzi wangeijaribu kesho yake na wangeona hapohapo. Kama ilikuwa mizima, basi dogo alikosea kweli na saini ya huyu bwana haihusiani na lolote. Kwa vyovyote hadithi haisimami. Ameona watu wanapenda habari za moto, akakaa akatunga.

Ngazi_Ndefu:
Hapo Mdadisi una hoja. Na tanki kuwa gereji usiku uleule, imekaa kama filamu.

King'ora:
Kama ni ya kutunga nitasikitika sana, nimeandika kwa uchungu. Tochi, jibu.

Mdadisi:
Masaa tisa sasa yuko kimya. Uzi ufungwe.

Tochi_ya_Kofia:
Sijatunga.

Waliijaribu kesho yake, Mdadisi. Maji yalipanda mara moja. Yalipanda kwa sababu niliweka washa mpya, ile pete ya mpira inayoziba kiungio cha mipira ya kufyonzea.

Alfajiri tulipokuwa tunakunja, mimi ndiye nilifungua kiungio cha pili. Nikamulika ndani kwa tochi. Washa ya mpira ilikuwa imekauka, ngumu kama plastiki, ina ufa ambao ukucha wangu uliingia. Niliichomoa nikamwonyeshe mkuu wa kituo. Nikageuka, nikamkuta anamfokea dogo mbele ya watu wote, na dogo anasema "samahani mkuu, samahani mkuu". Nikaitia mfukoni. Tuliporudi kituoni nikachukua mpya kabatini.

Hata mke wangu hajui.

Fundi_Pampu:
Nilikuwa nasoma tu, sasa naandika. Mdadisi, anachosema kinawezekana kabisa. Pampu hainyanyui maji, inatoa hewa tu kwenye mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Hata pampu ikiwa mpya na uko usawa wa bahari, hayapandi zaidi ya mita 10, na kazini tunahesabu 7. Ufa wa ukucha mmoja kwenye kiungio unatosha: pampu inakunywa hewa usiku kucha.

Tochi, mipira ile haihitaji watu watatu. Unailaza chini, unaunga, unaziba mdomo wa mwisho kwa kifuniko, unavuta hewa, unazima, unatazama mshale wa geji dakika tano. Ukishuka haraka, kuna tundu. Nimefanya peke yangu mara nyingi. Nakuambia ili usiende mbele ya mkuu na sababu hiyo.

Washa iko wapi?

Tochi_ya_Kofia:
Ninayo. Droo ya soksi.

Fundi_Pampu:
Usiioshe. Itie kwenye mfuko, andika tarehe na ni kiungio kipi, mpelekee mkuu wa kituo mkononi.

Mdadisi:
Nimekosa. Samahani mkuu.

Tochi_ya_Kofia:
Nilitaka kumpigia dogo kwanza nimwombe radhi.

Mzee_wa_Kipenga:
Hapana. Ukianza kwake watasema mmepanga. Mkuu kwanza, maandishi yenye saini yako, ya kweli safari hii. Halafu nenda nyumbani kwa yule kijana, kwa miguu yako, si kwa simu.

Mama_wa_Zamu:
Na mkeo umwambie kabla hujatoka.

Tochi_ya_Kofia:
Nimemwambia. Amekaa kitandani ameshika ile washa muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniletea mfuko.

Sasa ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niko nje ya kituo. Gari la tanki limerudi kutoka gereji. Mkuu hufika saa moja.