Sera ya China ya "hatuingilii mambo yenu ya ndani", hivi inamlinda nani? Karibuni tujadili

Wakuu habari zenu. Nataka tuliongelee hili suala la China kwa utulivu, maana kila likiguswa watu wanagawanyika, wapo wanaosema Mchina ndo rafiki wa kweli wa Afrika na wapo wanaosema ni mkoloni mpya, alafu mjadala unaishia kwenye matusi bila kugusa kile ambacho mimi naona ndo mzizi. Mzizi ni ile kauli ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Hiyo ndo sifa kubwa China inayopewa na viongozi wetu, kwamba Mzungu anakuja na masharti na Mchina anakuja na barabara.

Msimamo wangu nausema mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini. Kutoingilia kunamlinda aliyeko ikulu, hakumlindi mwananchi. Na China yenyewe inaifuata kanuni hiyo pale tu ambapo maslahi yake hayajaguswa.

Kwanza tuwape haki yao. Hii kanuni ni ya 1954, waziri mkuu wa China Zhou Enlai alikubaliana na India kwenye zile kanuni tano za kuishi kwa amani, mwaka uliofuata akaenda nazo kwenye mkutano wa nchi za Asia na Afrika kule Bandung, Indonesia. Kwa nchi zilizokuwa zinatoka kwenye ukoloni, au bado zimo, kusikia taifa kubwa linasema heshimuni mipaka na uhuru wa wengine lilikuwa jambo zito. Na kwetu Tanzania urafiki haukuwa wa maneno. Benki ya Dunia na wakubwa wa Magharibi walikataa kutoa hela ya reli ya kwenda Zambia, yaani Tazara, China ambayo yenyewe ilikuwa masikini ikatoa mkopo usio na riba, reli ikajengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na wapo Wachina waliofia kwenye ujenzi ule na wamezikwa huku huku. Asije mtu akaniambia ile ilikuwa janja ya kibiashara, haikuwa.

Na sisi tulilipa fadhila. Oktoba 1971 pale Umoja wa Mataifa kura 76 ziliirudishia Beijing kiti kilichokuwa kimeshikwa na Taiwan, kisiwa ambacho Beijing inasema ni chake, balozi wetu Salim Ahmed Salim akiwa kijana wa miaka 29 alikuwa mstari wa mbele na inasemekana akacheza kwa furaha mle ukumbini, Wamarekani hawakusahau. Miaka 10 baadae Salim akagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ikamwekea veto, yaani kura ya kuzuia, na China nayo ikamwekea veto mpinzani wake Kurt Waldheim mara 16, kumi na sita jamani, mpaka wote wawili wakakaa pembeni akapita Pérez de Cuéllar wa Peru. Hiyo historia naiheshimu na inaniuma ninapoona vijana hawaijui.

Lakini angalieni vizuri, China ile ya Mao haikuwa "haiingilii". Wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walifundishwa na wakufunzi wa Kichina Nachingwea. Savimbi wa Angola mwenyewe alipata mafunzo China. Walikuwa wanachagua upande na wanasema wazi kwamba wamechagua. Hii habari ya kwamba wao ni wafanyabiashara tu na siasa zetu haziwahusu imepata nguvu baadae, baada ya China kufungua uchumi wake na kuanza kuhitaji mafuta na shaba na masoko.

Sasa twende Zimbabwe 2008, hapa naomba tukae kidogo maana ndo mfano unaonisumbua kuliko yote. Uchaguzi ulifanyika Machi 29, matokeo ya urais yakakaliwa wiki na wiki, wafuasi wa upinzani wanapigwa vijijini. Katikati ya hali hiyo meli ya Kichina inaitwa An Yue Jiang inafika Durban mwezi wa nne imebeba risasi karibu milioni 3, maroketi na mabomu ya kurusha, mzigo wa jeshi la Zimbabwe. Wizara ya mambo ya nje ya China ikasema ni biashara ya kawaida na haina uhusiano na yanayotokea kule. Serikali ya Afrika Kusini haikuwa tayari kuuzuia. Waliouzuia ni wafanyakazi wa bandarini kupitia chama chao, makuli na madereva, walisema hatuushushi huu mzigo, viongozi wa dini wakakimbilia mahakamani, meli ikang'oa nanga. Rais Mwanawasa wa Zambia aliyekuwa mwenyekiti wa SADC akaziomba nchi za ukanda zisiipokee. Alafu mwezi wa saba azimio la vikwazo dhidi ya kundi la Mugabe likaletwa Baraza la Usalama, China na Urusi zikapiga veto, sababu ikiwa ni ile ile, mambo ya ndani ya Zimbabwe.

Niambieni, hapo kuna kutoingilia? Ni sawa na jirani anayesema ugomvi wa nyumba ya watu haumhusu huku anamuuzia mwenye nyumba rungu. Yule kuli wa Durban alielewa kwamba kushusha kontena ni kuchukua upande, na wanadiplomasia wa nchi kubwa wakajifanya hawaelewi.

Jambo la pili ni Taiwan, hapo ndo utaona kanuni inapoishia. Zambia 2006, Michael Sata anagombea urais na anaisema China vibaya, anaonesha dalili za kuitambua Taiwan. Balozi wa China Lusaka, Li Baodong, akatoka hadharani kabla ya kura akasema Sata akishinda na akaitambua Taiwan basi uhusiano unaweza kukatwa, na wawekezaji wa Kichina wanasubiri kwanza waone uchaguzi unaendaje. Fikiria balozi wa Uingereza angesema hivo Dar wiki chache kabla ya uchaguzi, tungelala barabarani. (Sata alipokuja kushinda 2011 alikaa nao vizuri tu, kwa hiyo somo lilimwingia.) Malawi ilihama kutoka Taiwan kwenda Beijing mwishoni mwa 2007, miaka michache baadae Lilongwe ikapata jengo jipya la Bunge lililojengwa na China. Leo Afrika nzima imebaki Eswatini peke yake kwa Taiwan, na China ilipotangaza 2025 kwamba inafuta ushuru kwa bidhaa za nchi 53 za Afrika iliyoachwa nje ni hiyo moja. Ni haki yao kuchagua marafiki, sikatai, ila tusiite hiyo ni sera isiyo na masharti. Sharti lipo na ni la kisiasa kabisa.

Na la Kibaha wengi mnalijua. Ile Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere ilifunguliwa Februari 2022 kwa hela ya Chama cha Kikomunisti cha China, inafundisha makada wa vyama sita vya ukombozi, CCM, ANC, FRELIMO, SWAPO, MPLA na ZANU-PF, vyote vilikuwa vinatawala wakati inafunguliwa. Chama cha kigeni kinajenga shule ya kuwanoa makada wa chama tawala, hiyo kama sio mambo ya ndani basi sijui mambo ya ndani ni yapi.

Nimesoma michango yenu, najibu kwa pamoja.

Mmoja kasema mbona Marekani inaingilia zaidi, imepindua serikali, imevamia Iraq 2003 kwa uongo wa silaha, imeibomoa Libya. Kweli tupu na sina cha kuitetea. Tena Libya ndo iliifanya China iwe ngumu zaidi, maana 2011 haikupiga veto, ikajizuia kupiga kura azimio la kulinda raia likapita, NATO ikaligeuza kuwa la kumng'oa Gaddafi, na kabla ya hapo China ilikuwa imeshalazimika kuwahamisha raia wake zaidi ya 35,000. Baada ya hapo kwenye Syria ikawa veto juu ya veto. Nawaelewa. Lakini ubaya wa Marekani hauwezi kuwa jibu la kila swali kuhusu China, mimi naishi hapa, na mkataba unaosainiwa hapa utalipwa na wanangu hata kama Marekani ina dhambi zote za dunia.

Mwingine kaleta bandari ya Hambantota ya Sri Lanka, kwamba China inakopesha makusudi ili inyang'anye bandari. Hapa nampinga kabisa. Sri Lanka ilipangisha ile bandari 2017 kwa miaka 99 kwa dola bilioni 1.12, lakini hela ile haikufuta mkopo wa China, iliingia hazina kwa sababu nchi ilikuwa haina dola, na sehemu kubwa ya madeni yao ya nje ilikuwa hati fungani za masoko ya Magharibi. Hadithi ya mtego inatufanya tumtafute mwizi Beijing wakati waliokopa kwa fujo wana majina na wako Colombo. Na Lusaka na Nairobi vile vile. Tatizo la mikopo ya China ni jingine, ni giza. Wakenya wanajua, SGR (reli ya kisasa) ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi 2017 na mkataba wa mkopo ukabaki siri, wanaharakati wakaipeleka serikali mahakamani, mpaka Novemba 2022 serikali mpya ndo ikatoa sehemu yake na watu wakaona kumbe mgogoro unaamuliwa Beijing na kuna kifungu cha usiri. Miaka yote hiyo wanalipa kitu wasichokijua. China haikulazimisha Kenya kusaini. Ila mkopeshaji anayesema siasa zenu hazinihusu ndo mkopeshaji anayempenda sana waziri asiyetaka kuulizwa.

Kuna aliyeuliza kwani duniani huko China haileti amani, mbona iliwapatanisha Saudia na Iran. Ndio, Machi 2023 Beijing, na ilikuwa kazi nzuri, ingawa Iraq na Oman walikuwa wameshafanya vikao vya awali. Iliwezekana kwa sababu inaongea na wote. Ila angalia Ukraine, waraka wao wa vipengele 12 wa Februari 2023 unaanza na kuheshimu uhuru na mipaka ya nchi zote, na bado hawajawahi kuilaani Urusi kwa kuvuka mpaka. Kanuni ile ile ya 1954, ikigongana na rafiki inanyamaza.

Wa mwisho kauliza basi unataka nini, tumfukuze Mchina? Hapana. Tunamhitaji, na uwezo wa kuchagua tunao, SGR yetu ya Dar hadi Dodoma wamejenga Waturuki, Mwanza–Isaka wapo Wachina, hamna aliyekasirika. Mradi wa bandari ya Bagamoyo uliokuwa ujengwe na Wachina ulikataliwa na Magufuli mwaka 2019 hadharani kwa sababu ya masharti yake na China haikukata uhusiano, iliendelea kuleta wakandarasi. Kwa hiyo hofu ya kwamba tukiuliza watatususa haina msingi.

Ninachotaka ni kitu kimoja, tuufanyie mkataba wa Kichina kile tulichoufanyia wa Dubai. Juni 2023 makubaliano ya bandari na Dubai yaliingia Bungeni, watu wakayasoma kifungu kwa kifungu, maaskofu wakatoa tamko, wanasheria wakabishana, wapo waliokamatwa pia, lakini angalau tulijua tunabishania nini. Sasa Tazara inapewa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa miaka 30, uwekezaji wa dola bilioni 1.4, reli ile ile ya Mwalimu na Kaunda. Mimi naiunga mkono, reli imechoka na treni hazifiki kwa wakati. Ila nani kati yenu ameushika huo mkataba mkononi? Mbunge gani kasimama kuuomba? Mkutano mkubwa ujao wa China na Afrika ni 2027 Congo Brazzaville na marais wataenda kupiga picha. Mwenye nakala ya mkataba wa Tazara, au anayejua ofisi ya kuiombea, aandike hapa chini tuanzie hapo.