Steshenari za mjini mnatuharibia madai yetu. Deni si ombi!

Jamani, nimejizuia kuufungua uzi huu lakini leo basi, roho imefika kooni.

Mie nawawekea hesabu kina mama wa kikundi kimoja huko ukanda wa mashariki wa Unguja. Wanalima mwani, wanaukausha, wanausaga, wanatengeneza sabuni. Kazi ya jua na maji ya chumvi, wanaoijua wanaijua. Hoteli moja (jina nalisitiri, msije inboksi kuniuliza) ikachukua sabuni zao kwa mkopo mara mbili. Delivinoti (hati za kupokelea mzigo) zikasainiwa, muhuri wa stoo ukagongwa, halafu kimya. Ukipiga simu haipokewi, ikipokewa "mhasibu keshatoka". Kina mama wakaamua waandike barua rasmi ya kudai, na hapo walikuwa na akili timamu kabisa. Katibu wao akapanda daladala hadi mjini, akaingia steshenari moja pale karibu na Darajani, akaeleza shida yake kwa ufasaha, akalipa pesa ya kuchapa na ya kopi.

Hii hapa barua aliyopewa. Nimetoa majina tu, mengine yote ni kama yalivyo:

YAH: OMBI LA KULIPWA FEDHA
Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa heshima na taadhima napenda kuchukua fursa hii adhimu kukuandikia barua hii kuhusu mada tajwa hapo juu. Sisi ni kikundi cha wanawake wajasiriamali, wachapakazi, waaminifu, na tuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote. Tunaiomba ofisi yako tukufu itusaidie malipo ya sabuni zetu. Ni matumaini yetu kuwa ombi letu litapokewa na kufikiriwa. Natanguliza shukrani.

Mmeona hapo? "Tuko tayari kufanya kazi katika mazingira yoyote"! Yule kijana kafungua faili la mtu aliyeomba kazi ya ulinzi, kafuta mlinzi kaweka sabuni, kaprinti. Kiasi kinachodaiwa hakimo. Namba ya ankara haimo. Mzigo ulipelekwa lini, haijulikani. Walipe mwisho lini, haijulikani. Hata hiyo "natanguliza" imesahau kama waandikaji ni wengi.

Sasa sikilizeni jibu la hoteli, maana ndilo lililonipandisha presha. Mistari miwili: ombi lenu limepokelewa, ila kwa sasa hatuna fungu la kusaidia vikundi vya kina mama.

Kusaidia! Mdaiwa kageuka mfadhili. Na ubaya ni kwamba kwenye karatasi hawana kosa. Wameombwa msaada, wamejibu kuwa hawana. Ujanja wao naujua, lakini mlango wa kutokea wamefunguliwa na kijana wa steshenari aliyekwisha kulipwa pesa yake taslimu.

Na bado. Akamwambia katibu azibane delivinoti halisi kwenye barua "ili ionekane iko siriasi". Halisi! Zile zenye muhuri wa stoo! Kilichotuokoa ni kwamba kitabu chao kina kaboni, nakala ya manjano ilibaki kitabuni na sahihi ya mpokeaji inasomeka. Angekuwa mtu wa risiti za mkono ungekuwa msiba. Kwenye barua ya madai unaweka kopi, halisi inabaki kwako, ukihitajika unaionesha kwa macho. Nani asiyelijua hilo, na anafanya kazi ya kuchapa barua za watu?

Najua watakuja wa kusema tatizo ni skuli. Ni kweli nusu. Skuli tulifundishwa umbo, na umbo lenyewe halina ubaya: anwani yako na S.L.P. juu kulia, tarehe chini yake, Kumb. Na. kama unaweka majalada, anwani ya unayemwandikia kushoto, salamu, kichwa cha barua kwa herufi kubwa, maelezo, hitimisho, sahihi, jina na cheo. Hata barua ile ya steshenari umbo lake lilikuwa zuri, ukiitazama kwa mbali utasema imetoka wizarani. Lakini skuli mifano ilikuwa ile ile, kuomba kazi au kuomba ruhusa. Mtu anamaliza kidato cha nne akiamini barua rasmi ni kunyenyekea. Akija kudai haki yake anapiga magoti kwa herufi kubwa.

Eti hiki ndicho Kiswahili ambacho mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, cha mjini hapa hapa Unguja. Na wenyewe tunashindwa kukidaia hela ya sabuni.

Barua ya biashara inabebwa na kichwa na aya ya kwanza, basi. Mhasibu wa hoteli ana rundo la karatasi mezani, anasoma kichwa anaamua iende wapi. Ukiandika OMBI inakwenda kwenye faili la maombi, pamoja na timu za mpira zinazotaka jezi. Ukiandika MADAI, ukataja kiasi na namba ya ankara, hana budi kuichukua ankara yake alinganishe. Hiyo "mada tajwa hapo juu" haina kazi yoyote, msomaji keshaiona mada, ndiyo maana ikawekwa juu! Na "Mheshimiwa" wa nini kwa meneja wa hoteli? Ndugu inatosha, Bwana au Bibi inatosha. Mkitaka kuanza na Assalaam alaykum anzeni, hapa ni kwetu, lakini mstari unaofuata useme pesa.

Nimekaa na kina mama tukaiandika upya. Nawawekea mwili wake, mwenye shida kama yetu abadilishe tarakimu zake, na wenye steshenari waichukue bure:

YAH: MADAI YA SH. 1,950,000 KWA ANKARA NA. 014 NA NA. 019
Tunaidai hoteli yenu Sh. 1,950,000, bei ya sabuni 650 za mwani mlizopokea kwa awamu mbili. Ankara Na. 014 ni ya sabuni 400, Sh. 1,200,000. Ankara Na. 019 ni ya sabuni 250, Sh. 750,000. Mizigo yote miwili ilipokewa na stoo yenu, tarehe ... na tarehe ..., kwa sahihi na muhuri. Kopi za ankara na delivinoti zimeambatanishwa.
Tulikubaliana malipo yafanyike ndani ya siku 30 tangu kupokea mzigo. Muda huo umepita kwa ankara zote mbili. Tunataka fedha ziingie kwenye akaunti iliyoandikwa katika ankara kabla ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Ikiwa kuna ankara mnayoipinga, tuandikieni ni ipi na kwa sababu gani kabla ya tarehe hiyo.

Chini yake sahihi ya mwenyekiti, jina, cheo, muhuri wa kikundi. Kisha Viambatanisho, kisha Nakala kwa mhasibu wao. Imeishia ukurasa mmoja wa A4. Tafuteni tusi humo, hakuna. Tafuteni kulia, hakuna. Ile sentensi ya mwisho naipenda khaswa, maana wakikaa kimya hawawezi baadaye kuibuka na hadithi kwamba sabuni zilikuwa pungufu au zimepasuka, tutawauliza kwa nini hamkuandika mlipoulizwa.

Mtu atasema wageni hawajui Kiswahili, andikeni Kiingereza. Mhasibu wa pale ni wa hapa hapa, anakisoma vizuri tu.

Na kuipeleka nako kuna vituko vyake. Tulikwenda kwa mkono, na kopi ya pili ya kugongewa muhuri wa IMEPOKELEWA na tarehe. Dada wa mapokezi akaichukua barua, kopi akakataa kuigonga, ati mpaka meneja aione. Mwenyekiti, bi mkubwa wa watu, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, sikwambii ukubali deni. Nakwambia ugonge kwamba karatasi umeipokea." Akavuta kiti akakaa. Wageni wanaingia na masanduku yao, yeye kakaa. Muhuri ulipatikana. Msije mkaacha barua ya madai mahali popote bila kurudi na kopi iliyogongwa, hata muambiwe nini. Bila hiyo kesho watakwambia barua haijafika, na wewe huna cha kuonesha.

Wenye steshenari najua mumo humu. Msiniambie "mteja hakutwambia". Katibu alikuja na ankara mkononi! Ilikuwa kumuuliza mambo manne tu: unadai shilingi ngapi, kwa kitu gani, tangu lini, unataka ulipwe lini. Kama hamjui kuandika barua, bandikeni ukutani kwamba mnachapa tu, mtu aje na maneno yake mwenyewe. Lakini kuchukua pesa ya kuandika halafu ukamkabidhi mama wa watu barua ya mlinzi, huo ni wizi wa mchana. Na si mjini peke yake, nishaoneshwa ya muuza mbao wa Chake Chake iliyokuwa na tarehe na S.L.P. ya mtu mwingine kabisa.

Tarehe 15 haijafika bado. Ikipita bila pesa kuingia, tunakwenda kwa wakili na kopi yenye muhuri, ankara na kitabu cha kaboni. Mrejesho nitauweka hapa hapa. Wenye barua za madai zilizowahi kuleta pesa kweli zitupieni, fichani majina.