Chuma kisichotumia makaa ya mawe: je, bodi ya gari itabaki imara?

Fundi Bodi, Nakuru

Habari zenu wadau. Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari, na wiki iliyopita nilipokuwa nikitoboa nguzo ya kati ya gari lililogongwa ubavuni, keekee tatu ziliisha makali kabla tundu halijapenya. Mwenye gari alinieleza kwamba viwanda vya Ulaya vimeanza kutengeneza chuma kwa hidrojeni, bila makaa ya mawe, ili kupunguza hewa ukaa. Nguzo hiyo ndiyo inayomkinga abiria. Je, chuma hicho, pamoja na kile kinachoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, kitakuwa na uimara uleule?

Mhandisi Madini

Ndugu fundi, ugumu ulioukuta hautokani na makaa ya mawe. Nguzo za namna hiyo aghalabu hutengenezwa kwa chuma kilichotiwa boroni kidogo sana, ambacho hupashwa moto hadi karibu nyuzi 900, kikakandamizwa ndani ya kalibu na kupozwa humohumo kwa sekunde chache. Huko kupozwa ghafla ndiko kunakokipa uimara. Kazi ya makaa katika tanuru ni kuondoa oksijeni iliyoshikamana na madini ya chuma, na hidrojeni huiondoa vilevile, ila kinachotoka ni mvuke wa maji badala ya kaboni dioksidi. Nchini Uswidi, kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall zilianzisha mradi wa HYBRIT mwaka 2016, na mwaka 2021 shehena ya kwanza ya chuma kilichotengenezwa kwa hidrojeni ilipelekwa kwa Volvo Group, watengenezaji wa malori.

Kuhusu chakavu, una hoja. Nyaya za shaba zisipong'olewa kabla gari halijasagwa, shaba huyeyukia ndani ya chuma na haitoki tena kwa urahisi. Ikizidi, chuma hupasuka kinapofinyangwa kikiwa cha moto. Ndiyo maana chakavu huchambuliwa kabla ya kuingia tanuruni.

Mkaguzi wa Magari

Mimi gereji zetu zinanitia hofu kuliko matanuru ya Uswidi. Nguzo ya boroni ikipigwa moto wa gesi ili inyooke, uimara wake hushuka pale pale ulipopita moto, na ikishapakwa rangi hakuna jicho litakalotambua, hata langu. Miongozo ya watengenezaji kwa kawaida hukataza kabisa kuinyoosha kwa moto. Nguzo hukatwa mahali palipoonyeshwa na kuwekwa nyingine.

Fundi Bodi, Nakuru

Nawashukuru nyote. Ile nguzo nilikuwa nimeshaipasha moto sehemu ya chini, baada ya keekee kushindwa. Gari bado liko kwangu, na rangi sijapaka. Nitampigia mwenyewe jioni hii tutafute nguzo nyingine, ingawa najua ataniuliza gharama kwanza.