Ukoo wa Nyakato: Jumamosi ni Ndabaka, geti la Serengeti

*Alhamisi, jioni*

Mama Kulwa: Jamani habari za jioni. Michango ya safari nimeifunga rasmi. Aliyetoa katoa, asiyetoa atatuona kwenye picha. Magari mawili: Noah ya Shemeji Magesa na Land Cruiser ya kukodi atakayoendesha Mjomba Masanja.

Mjomba Masanja: Hivi Noah inaingia Serengeti kweli?

Shemeji Magesa: Juni hii kumekauka, inaingia tukibaki barabara kuu. Ingekuwa Machi au Aprili ningeiacha Lamadi. Ule udongo wa Ndabaka ni mbuga nyeusi tupu, ukilowa hata trekta linapiga magoti.

Shangazi Milembe: Mimi bado nauliza, hifadhi ya kisiwa cha Saanane ina kosa gani? Boti iko pale Capri Point, hapa hapa Mwanza, dakika chache umefika, saa nane mchana upo nyumbani unakaanga sato wako.

Shija: Shangazi, Saanane tulishaenda na shule. Pimbi kwenye mawe, swala, basi. Pazuri ila wadogo wanataka nyumbu.

Mjomba Masanja: Saanane yote ni kilomita za mraba 2 na kitu. Serengeti ni 14,763. Hapo unalinganisha nini?

Shangazi Milembe: Kwani unaenda kupima viwanja?

Mama Kulwa: 😂😂

Baba Mkubwa (Kahama): Nyumbu sasa hivi wapo upande wenu?

Shemeji Magesa: Mwezi wa sita kwa kawaida wanakuwa huku magharibi, Kirawira na mto Grumeti, kabla hawajapanda kaskazini kuelekea Mara. Lakini nyumbu si basi la asubuhi, anafuata mvua na majani. Sijamwahidi mtu. Msije kunidai nauli.

Doto: Naandika kwa simu ya Bibi. Bibi anasema haendi. Anasema niandike hivi hivi: "Tembo nimlipie kiingilio? Amekula mtama wangu miaka yote ile bila kulipa, leo mimi ndiye nidaiwe?"

Mama Kulwa: Mayu, mama jamani 🙆🏾‍♀️

Mjomba Masanja: Nyie watoto mnacheka kwa sababu mmezaliwa Nyakato. Sisi tumekulia kule Busega, karibu na mpaka wa hifadhi. Mtama ukianza kuiva hakuna kulala. Unakaa kwenye kichanja shambani na debe na kijinga cha moto. Mkipiga madebe huku, tembo wanahamia kwa jirani. Jirani akipiga madebe, wanarudi kwenu. Asubuhi shamba limelala lote kama kumepita katapila. Siku hizi nasikia wanazungushia kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, wengine wanatundika mizinga ya nyuki maana tembo na nyuki hawapatani kabisa. Wakati wetu ilikuwa debe tu, na sauti ya Mayu. Sauti ya Mayu ilikuwa inafanya kazi kuliko debe.

Shangazi Milembe: Hapo kwenye sauti naunga mkono.

Baba Mkubwa (Kahama): Mwambieni Mama kiingilio chake nalipa mimi.

Doto: Bibi anasema kama analipiwa na mwanae basi ataenda kuwaangalia hao wezi. Ila anakaa mbele, na matobolwa, viazi vyake vikavu, anabeba mwenyewe, hampi mtu amshikie.

*Ijumaa, usiku*

Mama Kulwa: Sikilizeni, nasema mara moja. Watu wazima wote kitambulisho cha NIDA mkononi. Raia tunalipa kwa shilingi, ukikosa cha kuonyesha usije ukaanza kuimba wimbo wa taifa pale getini. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, kwa hiyo kale kadogo ka Magesa kanapita bure. Pili, fedha taslimu hawapokei. Unapewa namba ya malipo, unalipia kwa simu au benki. Kila mtu aweke hela kwenye simu LEO.

Mama Kulwa: Na mifuko ya plastiki ya kubebea vitu mnajua imepigwa marufuku tangu 2019. Vyakula viende kwenye vyombo na vikapu.

Shemeji Magesa: Nguo za bluu na nyeusi mziache. Mbung'o wanazipenda mno. Hata mitego ya kuwakamatia mtaiona imetundikwa, ni vitambaa vya rangi hizo hizo. Vaeni khaki, kijivu, rangi ya udongo.

Doto: Mimi jezi yangu ni ya bluu.

Shemeji Magesa: Utakuwa mtego, baba.

Doto: Ndiyo jezi niliyoifua.

Mama Kulwa: Muacheni. Atajua mwenyewe.

*Jumamosi*

Mama Kulwa: Mwangaluka, za asubuhi. Saa kumi na dakika kumi, Noah imeshawaka. Land Cruiser iko wapi?

Mjomba Masanja: Nipo Igoma naweka mafuta. Nyie piteni, tukutane Kisesa.

Shangazi Milembe: Bibi yuko mbele na blanketi na chupa ya chai. Hata mkanda kafunga kabla ya dereva.

Shija: Nyanguge tumepita. Giza bado.

Baba Mkubwa (Kahama): Shemeji, penye kibao cha 50 tembea 50. Tochi ya trafiki haina undugu.

Shija: Tumevuka daraja la mto Simiyu. Maji yameshuka. Mjomba anasema babu alikuwa anategea kambare hapa.

Shija: Magu. Kumekucha.

Shija: Lamadi. Ziwa linaonekana kushoto, wavuvi wa dagaa wanarudi na karabai zao.

Shangazi Milembe: Tupo getini Ndabaka. Wengine wote tumeshalipia. Mjomba Masanja kaja na BUNDA LA NOTI. Limefungwa na mpira. Kwenye simu ana shilingi mia nane.

Mama Kulwa: Nilisema nini jana?

Mjomba Masanja: Hela ni hela jamani.

Shangazi Milembe: Anarudi Lamadi kwa wakala. Bibi kafungua matobolwa, anasema yeye hana haraka, tembo hawaendi popote.

Shija: Amerudi. Kalipia. Tunaingia. Mtandao ndani utakuwa wa kubahatisha, msitupigie.

Baba Mkubwa (Kahama): Nyumbu wapo?

Baba Mkubwa (Kahama): Halo?

Baba Mkubwa (Kahama): Basi nasubiri.

*Jumamosi, usiku*

Shija: Baba Mkubwa tumetoka salama. Tulifika getini mapema, maana Shemeji alishika usukani kama anafukuzwa, ila ndani hakuzidisha 50 hata mara moja. Naandika ndefu kidogo, wengine wamelala kwenye kiti.

Ukiingia tu ni uwanda, huoni mwisho. Nyamera wamesimama juu ya vichuguu wanatuangalia kama askari wa lindo, mmoja mmoja, kila kichuguu na wake. Mbele kidogo nyumbu wakaanza. Mwanzoni kumi, ishirini, tukapiga picha kila mmoja. Baadaye tukaacha kupiga, maana pande zote ni nyumbu, barabarani nyumbu, wanaguna kama watu wenye mafua. Kulwa alijaribu kuwahesabu akaishia mia tatu akakasirika. Nilimwambia wote kwa ujumla wanapita milioni moja, akasema basi mwambie mwingine ahesabu.

Mbung'o sasa. Walimpata Doto. Anapita juu ya khaki ya Shangazi, anapita juu ya kijivu changu, anakwenda moja kwa moja kwenye jezi. Na haumi kama mbu, baba. Anachoma kupitia kitambaa, ukimpiga kofi anaanguka, anaamka, anarudi pale pale. Mpaka umbane kwa kidole ndiyo anakubali kufa. Mwisho Doto kaivua jezi na kujifunga kanga ya Bibi. Picha ninayo.

Doto: Hiyo picha usiitume.

Mama Kulwa: Tuma.

Shija: Grumeti tuliona mamba watatu kwenye mchanga, mmoja mkubwa kama mtumbwi, kaacha mdomo wazi. Shangazi akadhani anataka kula. Mlinzi wa hifadhi akamwambia hapana mama, anapunguza joto tu, mlo wake mkubwa ni hawa nyumbu wakivuka. Juu kwenye miti ya mtoni kuna mbega, weusi kwa weupe, mikia mirefu kama singa. Na huo mto, Baba Mkubwa, unamwaga kwenye ziwa letu hili hili. Mimi sikujua.

Baba Mkubwa (Kahama): Na Mama?

Shija: Nilikuwa nafika huko. Saa nne hivi, tembo wakakata barabara mbele ya Noah. Majike na watoto, kama tisa. Shemeji akazima gari. Watu kimya, hata kale kadogo kakanyamaza. Yule mkubwa akasimama katikati ya barabara, masikio kayapanua, anatuangalia. Bibi kioo kimefungwa, akaegemea mbele akamwambia, "Mwangaluka. Umenenepa." Akaanza kumsomea: gunia ngapi mwaka gani, shamba la kwa nani, usiku ule wa mvua. Kisukuma kizito mimi nusu sikuelewa. Tembo kasikiliza yote. Akavunja tawi la mgunga, akatafuna, akaondoka na wenzake.

Shangazi Milembe: Sauti ile ile ya kichanjani, nakwambia. Mimi nilijikunyata kama niliyekula mtama ni mimi.

Baba Mkubwa (Kahama): 😂😂😂 Mpeni simu niongee naye.

Shija: Kalala. Kabla hajalala kauliza mwakani tunakwenda tena lini, kwamba yule mdogo mwenye sikio lililochanika ana deni lake bado.

Mama Kulwa: Kuna aliyeona simba? Watoto wa jirani watauliza hilo tu.

Shija: Hapana.

Mjomba Masanja: Land Cruiser tuliona.

Shangazi Milembe: Mimi baadaye nilihamia Land Cruiser. Hatukuona.

Mjomba Masanja: Wewe ulikuwa unamenya yai. Ninayo picha, natuma. Angalieni kwenye nyasi, kushoto, chini ya mti. Ule mkia.

Baba Mkubwa (Kahama): Nimevuta picha mpaka imekuwa vidoadoa. Sioni kitu.

Kulwa: Mjomba mkia umesimama wima juu kama antena.

Mjomba Masanja: Simba akikasirika anausimamisha.

Shemeji Magesa: Masanja, huyo ni ngiri.

Mjomba Masanja: Ngiri mwenye rangi ya simba?

Kulwa: Nimeisogeza pembeni. Nyuma yake kuna wadogo wanne, mikia yote juu.

Mjomba Masanja: Bando limeisha, kesho.