Naombeni ushauri: mafuta ya bangi kwa saratani ya ngozi, yapakwe mara ngapi?

Binti Mkubwa: Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana saratani ya ngozi. Nimepata mafuta ya bangi, yale meusi mazito, tumeanza kumpaka na kufunga bandeji. Aliyewahi kutumia anisaidie: yapakwe mara ngapi kwa siku? Sitaki kejeli, usingizi wenyewe sina.

Mzee Kobe: Pole sana, binti. Habari hizi alizivumisha Rick Simpson wa Kanada, anayesema mwaka 2003 alijipaka na saratani yake ikapona. Mimi namwamini. Mjomba wangu alikuwa na jipu mgongoni, hospitali wakashindwa, bibi akachuma majani fulani...

Muuguzi Mstaafu: Mzee Kobe, jipu si saratani. Binti, ni aina gani? Simpson alisema yake ni karsinoma ya seli za besali. Hiyo hukua polepole na ni nadra kusambaa.

Binti Mkubwa: Aina sikumbuki. Ila kidonda kimekauka. Na kuna tafiti, bangi inaua seli za saratani.

Muuguzi Mstaafu: Kwenye vyombo vya maabara na kwa panya, ndiyo. Kwa binadamu hakuna jaribio lililothibitisha kwamba kuyapaka kunaponya. Kidonda kiko wapi? Kinyama kilichopelekwa maabara kilileta majibu gani?

Mtumishi: Bangi ni bangi hata ukiipaka. Mwombee mzazi wako, achana na haramu.

Kidole Juu: Mama akianza kucheka peke yake, punguza dozi 😂

Binti Mkubwa: Kiko unyayoni. Karatasi inasema melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, unene milimita 2.1. Upasuaji ulishapangwa, nikaomba usogezwe mbele. Wanataka kukata na kutoa tezi kinenani. Dada yake mama aliingia chumba cha upasuaji hakutoka, mnataka nimlazimishe? Tujaribu hiki kwanza, kisu hakikimbii.

Ngozi Yangu: Nina ualbino, nimeshakatwa vidonda usoni zaidi ya mara moja. Madoa ya mwanzo nilipewa krimu ya fluorouracil, ikachoma balaa, ikafanya kazi. Kwa hiyo dawa za kupaka zipo, dada. Lakini daktari alinipa baada ya kujua aina. Kwa melanoma iliyozama hawakupi krimu.

Sina Presha: Wakuu, hii CHAI. Mara "sikumbuki aina", mara milimita zenye nukta! Subirini, sasa hivi itaibuka akaunti mpya inauza chupa. Weka picha ya hiyo karatasi.

Kidole Juu: Nilishanusa tangawizi tangu mwanzo.

Muuguzi Mstaafu: Iwe chai au la, kuna msomaji mwenye doa kama hilo. Kwa watu weusi melanoma hutokea zaidi nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley ilimpata kwenye kidole cha mguu, ikagunduliwa 1977. Alikataa kukatwa kidole, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, na bangi haikuwa ngeni kwake. Kadiri inavyozama ndivyo inavyopata njia ya kuingia kwenye limfu, yale majimaji ya mwilini yanayochujwa na tezi. Juu pakikauka, chini hujui. Hiyo tezi inatolewa ili ipimwe kama saratani imefika huko. Kisu hakikimbii, binti, ila ugonjwa unakimbia.

Binti Mkubwa: Picha siweki, ina jina la mama. Sina ninachouza. Na mafuta siachi, anasema maumivu yamepungua. Simu nitapiga kesho. Tatizo ni kwamba mama anajua hospitali ndio walioahirisha. Mimi ndiye nilimwambia hivyo.

Sina Presha: Duh. Samahani, dada.

Mtumishi: Kumdanganya mzazi!

Ngozi Yangu: Mtumishi, si sasa. Dada, mwambie leo usiku, kabla hujapiga hiyo simu. Fomu ya kukubali upasuaji atasaini yeye, na daktari atamuuliza yeye kwa nini hakuja.

Muuguzi Mstaafu: Na daktari aambiwe kuhusu mafuta, hata kama mtaendelea kupaka. Muulize pia huyo mama ni nini hasa anachoogopa, kisu au usingizi wa ganzi. Kama ni usingizi, akamuulize daktari wa ganzi kama unyayo unaweza kukatwa akiwa macho.