Maktaba ya mjini: iwe ya kudurusu tu, au iwe na klabu pia?

Mwanzisha mada, Chake Chake, Pemba:

Assalaam alaykum. Kuna fikra imetolewa hapa mjini kwamba maktaba ya umma itenge saa za klabu: hadithi kwa watoto, ushairi kwa vijana, kompyuta kwa watu wazima. Wapo walioipokea kwa mikono miwili. Wapo wanaosema maktaba ni pahala pa kimya, anayetaka maneno aende barazani. Mimi naiunga mkono, na sababu zangu ni hizi.

Ingieni maktaba siku yoyote ya skuli, kwenye saa nane mchana. Viti vimejaa. Vijana wa mkondo wa asubuhi wameshatoka skuli, wamekuja na madaftari yao na fotokopi za mitihani iliyopita. Wanadurusu. Rafu za vitabu ziko nyuma ya migongo yao na hapana anayegeuka kuzitazama. Kikichukuliwa kitabu, aghlabu ni cha kiada. Basi tulichonacho ni chumba cha kudurusia. Kinahitajika, sikatai, ila skuli nazo zina wajibu wa kukitoa.

Na kwa nini vitabu havichukuliwi? Vingi ni vya msaada na ni vya Kiingereza. Book Aid International, shirika la hisani la Uingereza, imetuletea vitabu vingi, na shukurani wanastahiki. Lakini mtoto wa darasa la nne kutoka Wawi hatakichukua peke yake kitabu kinachosimulia theluji. Anataka mtu mzima akae naye kitako, amsomee kurasa mbili, amuulize, amfasirie kwa Kipemba chetu, halafu amwachie pale hadithi ilipokolea ili amalizie mwenyewe. Kazi hiyo haifanyiki kwa kunong'ona.

Ushairi ndio unaoniuma zaidi. Kisiwa hiki ndicho cha washairi kina Kamange na Sarahani, waliokuwa wakijibizana kwa beti zaidi ya miaka 100 iliyopita. Leo kijana wetu anakariri vina na mizani kwa ajili ya mtihani, na shairi likighanwa mbele yake hajapata kulisikia hata siku moja. Wazee wanaojua kughani tunao, wamekaa majumbani, hapana anayewaita. Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO ya mwaka 1994 imeyataja wazi masimulizi ya mapokeo kuwa ni katika mambo ambayo maktaba inapaswa kuyasaidia. Mzee akija kughani pale, yuko pahala pake.

Kwa watoto napendekeza Alhamisi alasiri. Siku nyengine wakitoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani, lakini Alhamisi na Ijumaa vyuo vingi havisomeshi. Wamalize mapema, magharibi iwakute majumbani.

Mchangiaji, Mkoani:

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, mimi nasomesha Kidato cha Nne. Unasema skuli zitoe chumba. Chumba kipi? Mkondo wa asubuhi ukitoka darasani, wa mchana unaingia humo humo. Mwanafunzi wangu wa kike akifika nyumbani anakabidhiwa mdogo wake, ndoo na jiko. Maktaba ndiyo ruhusa pekee anayopewa na baba yake, kwa kuwa inajulikana kuwa pale watu wanasoma. Siku baba atakayopita njiani akasikia makofi na mashairi yanatoka dirishani, ruhusa imekwisha, na mimi sitaweza kumwombea tena. Mtihani wa taifa ni Novemba. Mashairi yangoje Disemba.

Mchangiaji, Wete:

Mimi si mwalimu wala mwanafunzi. Maktaba sijaingia tangu nimalize skuli, kwa sababu sina ninachokifuata. Wakiweka somo la kompyuta, hata la kujaza fomu za mtandaoni tu, nakuja na mke wangu anakuja. Kila fomu sasa tunalipa mtu atujazie. Kodi tunatoa sote, kwa nini maktaba iwe ya wenye mitihani peke yao?

Mwanzisha mada:

Mwalimu, hoja ya ruhusa ya baba ni nzito, na simwombei mtoto wa kike yeyote aipoteze. Basi tuseme hivi: tangu Septemba mpaka mtihani umalizike, klabu ya ushairi isimame na chumba cha kusomea kiwe kimya siku zote. Ya watoto isisimame. Mtoto wa miaka tisa ukimkatisha miezi mitatu, harudi tena. Wao wakae nje kwenye baraza ya maktaba, au waombewe darasa la chuo kilicho jirani, maana Alhamisi liko tupu. Na akina baba waalikwe kabla ya klabu yoyote kuanza, wakae, wasikilize kinachosomwa, wawaone wanaosomesha. Baba aliyeona kwa macho yake si sawa na baba aliyesikia makofi njiani.

Ndugu wa Wete, somo la kompyuta ningeliweka Jumamosi asubuhi, lakini hapo namhitaji mwalimu. Mwalimu, wanafunzi wako Jumamosi huwa tuisheni au wanakuja maktaba? Wakiwa wanakuja, ni kuanzia saa ngapi? Na walimu wengine wa Kidato cha Nne mnaosoma hapa, wa Wete, Konde na Micheweni, tajeni saa za wanafunzi wenu, tupate ratiba ya kumpelekea mkutubi.