Simu imelia kwa nguvu saa 5 asubuhi, ni nini kile? Na maji yakija kweli tunafanyaje?

Dada wa Stolberg:

Habari zenu wanajumuiya, wakubwa shikamooni. Naomba msaada manake leo nimeogopa sana. Niko kazini jikoni, saa 5 kamili simu yangu ikaanza kulia mlio ambao sijawahi kuusikia, na nilikuwa nimeiweka kimya kabisa, afu simu za wenzangu zote zikalia kwa pamoja na nje ving'ora navyo vikaanza, mi nikajua vita imeingia. Wenzangu wakaendelea kukata vitunguu. Mmoja akaniambia Probealarm, basi, nisijali.

Lakini najali jamani. Nimefika huku miezi mitatu tu, nina watoto wawili, tunakaa chini kabisa, yaani nusu ya dirisha iko chini ya barabara, na mto uko mita hamsini hivi. Mwenye nyumba siku ananionyesha chumba aligusa ukuta juu kidogo ya swichi ya taa akasema 2021 maji yalifika hapa, kisha akaenda kunionyesha bafu. Toka leo asubuhi naiangalia ile swichi tu. Kile king'ora ni cha nini, na siku kikilia kweli nafanya nini, nampigia nani, Kijerumani changu bado ni cha kuombea maji.

Kaka wa Eschweiler:

Marahaba dada, karibu sana kwenye bonde letu, na umefanya vizuri mno kuuliza, wengi wanaona aibu.

Leo ni Alhamisi ya pili ya Septemba, ndo siku Ujerumani nzima wanajaribu mitambo ya kutoa onyo, wanaiita Warntag. Saa 5 wanatuma, saa 5 na dakika 45 wanaifuta. King'ora kikiwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka kwa dakika moja, hiyo ni hatari, washa redio na uangalie simu. Kikilia mlio mmoja ulionyooka dakika nzima, hatari imepita. Na ule ujumbe kwenye simu hauji kwa namba yako, unatoka kwenye mnara kwenda kwenye simu zilizo karibu na mnara huo, hata mgeni aliyeshuka jana na laini ya nyumbani anaupata, hata simu ikiwa kimya. Ila ikiwa imezimwa au iko kwenye flight mode hupati kitu, kwa iyo usiku usiizime, iache kwenye chaji karibu na kitanda.

Sasa dada, nataka nikueleze kwa nini hili jambo linanigusa hivi, maana mi nilikuwepo. Tarehe 14 Julai 2021 usiku nilikuwa nakaa chini kama wewe. Mvua ilinyesha siku nzima, nikala, nikalala. Simu yangu haikulia kwa sababu wakati huo Ujerumani hii ya minara haikuwepo kabisa, app zilikuwepo lakini lazima uwe umezipakua mwenyewe na mi nilikuwa hata sijazisikia. Ng'ambo ya mpaka hapo Uholanzi, mwendo wa nusu saa kwa gari, walikuwa nayo toka 2012. Sisi tuliipata Februari 2023. Kwenye mafuriko yale ya 2021 watu zaidi ya 180 walikufa Ujerumani, wengi wao bonde la Ahr, na pale Sinzig walikuwemo watu 12 wenye ulemavu waliokuwa wanakaa kwenye nyumba ya kuwatunza, maji yakawakuta ghorofa ya chini.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Baada ya mafuriko ya Elbe na Danube mwaka 2002, Umoja wa Ulaya ulianza kutengeneza mtambo mmoja wa kutabiri mafuriko, unaitwa EFAS, maana mto haujui mpaka, maji yanayonyesha Ubelgiji leo kesho kutwa yako Uholanzi. Ule mtambo ulifanya kazi yake. Toka tarehe 10 Julai, siku nne kabla, ulianza kutuma taarifa kuhusu bonde la Rhine, na mpaka tarehe 14 zilikuwa zimetumwa zaidi ya 25 kwa mito ya Rhine na Meuse. Lakini zile taarifa zinakwenda kwa ofisi husika za serikali, raia haruhusiwi kuuona utabiri wenyewe mpaka siku 30 zipite. Onyo lilivuka nchi, likavuka mito, likafika ofisini, likakwama kabla ya mlango wangu.

Mlangoni kwangu alifika bibi wa ghorofa ya pili. Ana zaidi ya miaka sabini. Alishuka na gauni la kulalia na tochi akagonga dirisha langu kwa mpini wa ufagio mpaka nikaamka, nikakanyaga chini nikakuta maji ya baridi yameshafunika vidole. Nilitaka kurudi nikachukue begi la makaratasi, akanishika mkono wa shati akakataa kuniachia. Baada ya dakika kumi hivi mlango wangu haukuwa unafunguka tena, maji yalikuwa yanausukuma kwa nje. Tulikaa juu kwake mpaka asubuhi tukiangalia magari na mafriji yanapita barabarani, maji rangi ya chai ya maziwa, na harufu kali ya mafuta ya kupashia nyumba joto, matangi yalipasuka huko chini. Hiyo harufu ilikaa kwenye kuta miezi.

Pasi yangu, cheti cha kuzaliwa, kibali cha kuishi, vyote vilienda. Pasi mpya ilinichukua miezi minne. Na bima ya vitu vya ndani niliyokuwa naikata kila mwezi, kampuni siitaji, waliniambia mafuriko hayamo. Na kweli hayamo dada, soma mkataba wako leo leo. Hapa Hausrat ya kawaida inalipa maji ya bomba lililopasuka, maji ya mto hailipi mpaka uongeze kipengele cha Elementarschäden, yaani madhara ya maafa ya asili. Ukiwa karibu na mto hivo wanaweza wakakupandishia bei au wakakukatalia, uliza kampuni mbili tatu.

Sasa cha kufanya. Pakua NINA, ni app ya serikali, bure, Kiswahili hakuna ila Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu zimo. Makaratasi yote yatie kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji uyapeleke kwa mtu wa juu, na upige picha uzitume kwa ndugu. Maji yakianza kuingia USISHUKE chini kuokoa kitu, hata TV, hata baiskeli ya mtoto, na usikae kwenye gari. Watu wengi walikufa kwa kushuka kwenye Keller, kile chumba cha chini ya ardhi, mara moja tu. Unapanda juu na watoto, halafu 112, hiyo namba ni moja Ulaya nzima, haina malipo.

Na kesho, tafadhali, nenda kagonge kwa jirani wa ghorofa ya kwanza na ya pili. Peleka hata mandazi. Mwambie jina lako na ya watoto, na kwamba mnalala chini.

Mama wa Liège:

Jambo wandugu. Kaka umesema kweli tupu, mimi nimesoma nikalia.

Mimi ni mtu wa Goma. Mwaka uleule 2021, tarehe 22 Mei, volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku, dada yangu na watoto wake walikimbia kwa miguu mpaka Gisenyi, Rwanda wakafungua mpaka, watu maelfu wakavuka usiku ule. Mimi niko hapa Liège, Ubelgiji, nashika simu nalia, nasema asante Mungu sisi huku tuko salama. Miezi haijafika miwili, tarehe 15 Julai, wakuu wa mji wanatuambia watu wote wa kando ya Meuse wanaoweza kuondoka waondoke. Dada yangu ndo akawa ananipigia simu mimi, ananiuliza umebeba nini, umevaa viatu gani.

Upande wa Verviers na Pepinster ndo kuliharibika kabisa, mto Vesdre ulibeba nyumba. Ubelgiji ikaomba msaada kwa ule mpango wa Ulaya wa kusaidiana, kuna kituo chake Brussels kinakesha masaa 24, na nchi 37 zimo, zile 27 za Umoja na kumi za pembeni. Zikaja timu za Ufaransa, Italia na Austria na mashua zao. Mimi niliwaona hawa vijana wa Italia wamechafuka matope mpaka kifuani, hawajui Kifaransa hata neno, wanambeba mzee mmoja kama wanabeba yai. Sitasahau.

Kwa walio Ubelgiji: jiandikishe BE-Alert, ni huduma ya kutumiwa onyo kwenye simu, ni bure, unaweka anwani na namba ya simu. Na bima ya moto ya nyumba hapa kisheria inachukua na mafuriko, lakini angalia kama vitu vyako vya ndani umeviandikisha, wengi wetu tunalipia kuta za mwenye nyumba tu.

Mdogo wenu wa Valencia:

Shikamooni. Naongezea ya huku Hispania manake kuna mtu atasema basi sasa simu zinalia tumeshapona. Hapana. Tarehe 29 Oktoba 2024 idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu asubuhi mapema. Ujumbe wa kwenye simu uliingia saa 2 na dakika 11 usiku. Nina picha yake mpaka leo. Wakati inalia, mji wa Paiporta watu walikuwa tayari ndani ya maji, wengine kwenye gereji wanatoa gari. Wamekufa zaidi ya 220 mkoa huu. Simu ilikuwepo, mtambo ulikuwepo, aliyetakiwa kubonyeza alichelewa.

Mi nilikuwa nyumbani kwa sababu moja tu, chuo kikuu kilisoma onyo la hali ya hewa kikafuta masomo ya siku ile, hawakusubiri kuambiwa na mtu. Sasa hivi nafanya hivohivo, nikiona onyo jekundu siendi popote, bosi akikasirika akasirike.

Siku zilizofuata tulitoka mjini kwa miguu, maelfu, tumebeba mafagio na makoleo tunavuka daraja kwenda upande wa matope. Kuna mama mmoja alinipa buti za marehemu mumewe. Nilizivaa wiki mbili.

Afu kitu kingine, tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika karibu Hispania na Ureno yote mchana, na simu nazo zikafa. Waliorudisha walianza kwa kuvuta umeme wa Ufaransa na Moroko. Siku ile kadi hazikufanya kazi, kwa iyo weka pesa taslimu kidogo ndani, na redio ya betri. Mzee wa jirani alitoa redio yake nje barabarani, tukasimama watu kama ishirini tunasikiliza.

Kaka wa Eschweiler:

Mdogo wangu asante, pole sana. Hilo la umeme limenikumbusha: Ulaya sasa wanashauri kila kaya iweze kujitegemea masaa 72, na hapa Ujerumani wanasema siku kumi kama unaweza, maji lita mbili kwa mtu kwa siku. Anza na siku tatu, dada, usibebe mzigo wa siku kumi kwa mshahara wa mwezi mmoja. Unga, maharage ya kopo, mishumaa michache, powerbank. Ila naomba mnisikie vizuri: umeme ukikatika MSIINGIZE jiko la mkaa ndani, wala grili, hata ukifungua dirisha. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, inaua familia nzima usingizini. Najua nyumbani tumezoea, nyumba za huku zimezibwa kila upenyo.

Mi toka 2022 niko zimamoto ya kujitolea hapa. Wengi hamjui kwamba zimamoto nyingi nchi hii siyo ajira, ni majirani, karibu watu milioni moja nchi nzima, fundi, mwalimu, mwuza mikate. Wanakufundisha bure na hawakuulizi umetoka wapi. Kijerumani changu nimekipatia huko zaidi ya darasani. Na sasa mkitoa taarifa mtaani kuna mtu anayejua kwamba nyumba namba fulani wanaongea Kiswahili.

Naomba tufanye kitu. Kila anayekaa chini au karibu na mto, iwe Inde, Vicht, Vesdre, Ahr, anitumie mimi pembeni, siyo hapa hadharani, mtaa na namba, na jina la mtu mmoja wa juu anayeweza kumgongea. Nitapanga watu wawili wawili. Onyo likitoka, unampigia mwenzako, asipopokea mara mbili, mimi au aliye karibu anaenda.

Dada wa Stolberg:

Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti na mwanangu mkubwa. Nimemtumia kaka anwani. Jana jioni nilipanda ghorofa ya kwanza na mandazi, nikamkuta baba mmoja na mkewe, kumbe na wao walikuwepo 2021, wamenionyesha picha. Kijerumani kilinishinda nikaonyesha kwa mkono tu, watoto, chini, maji. Yule mama akaenda akarudi na ufunguo wa mlango wao akanipa, akaandika namba yake kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji langu mwenyewe. Pasi na vyeti viko kwao sasa, kwenye kabati la juu.

Swali moja tu, kuna bibi wa Kikongo nyumba ya tatu kutoka kwangu, hana simu janja na masikio yake yamechoka. Nani anamshika?

Kaka wa Eschweiler:

Wewe dada. Nimewaandika pamoja.